Nilivyoirudisha chipu ya usalama ya kompyuta bila kupoteza hesabu za watu

Fundi akiniambia tena "hapo dawa ni kupiga Windows", yaani kufuta na kuiweka upya, nitabeba mashine yangu niondoke kabla hajashika bisibisi. Mwezi uliopita niliambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na kama ningekubali, miaka mitatu ya hesabu za watu ingekuwa imefutika.

Mimi natunza hesabu za kikundi cha akina mama wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba. Magunia mangapi yamepakiwa, nani kalipwa, nani anadai, mzigo upi umeelekea Kongo: vyote vimo kwenye kompyuta mpakato moja. Nakala kwenye fleshi ilikuwepo, lakini ya zamani.

Ilianza kwa PIN. Nawasha asubuhi, naweka tarakimu zangu, naambiwa PIN haipatikani. Nikaingia kwa nenosiri la akaunti, ikakubali. Kufungua Excel, naambiwa TPM ya kompyuta imepata hitilafu, namba ya kosa 80090016. TPM ni kichipu kidogo kwenye bodi kinachotunza funguo za siri. PIN yako inategemea ufunguo uliofungiwa humo. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data zote za diski, chipu hiyo hiyo ndiyo inayoifungua kila unapowasha, wewe hujui wala husikii. Hilo la diski ndilo fundi wa kwanza hakuniuliza.

"Bosi, hiyo ya dakika mbili tu, tunaingia BIOS tunaisafisha chipu." BIOS ni mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Elfu kumi na tano, au ishirini hivi. Akabonyeza, akakubali, mashine ikazima na kuwaka tena. Kioo kikawa bluu: weka namba ya uokozi, tarakimu 48. Akanigeukia, "Namba yake unayo?" Nikasema sina. Akasema basi tupige Windows upya. Nikafunga kompyuta, nikaondoka. Wa pili akasema bodi imekufa, niandae kama laki mbili na nusu. Wa tatu akasema nizime chipu kabisa, sina kazi nayo. Sasa Windows 11 inadai TPM 2.0, na hata nikiizima, diski inafungukaje?

Naomba hili lieleweke, maana watu wanapoteza kazi zao bure. Chipu ikisafishwa, funguo zilizomo zinafutika. Diski yenyewe haijaguswa, inabaki imefungwa ikingoja ufunguo wa akiba, yaani ile namba ya uokozi. Hakuna hata faili moja lililopotea. Anayepiga Windows upya ndiye anayeyafuta.

Ufunguo wa akiba ulikuwa wapi? Kwenye mashine nyingi Windows huifunga diski yenyewe mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na namba ya uokozi huwekwa kwenye akaunti hiyo. Mashine hii aliianzisha mdogo wangu wa kike alipokuwa chuoni, kwa barua pepe yake. Sasa anaishi Nansio, Ukerewe. Nikampigia.

"Shikamoo kaka. Mbona sauti hivyo?"

"Marahaba. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwenye vifaa, tafuta namba ya uokozi."

Akakuta namba mbili, maana aliwahi kuwa na mashine nyingine. Hapo usibahatishe. Kioo cha bluu kinaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Tulilinganisha herufi nane za mwanzo, tukajua ni ipi. Angeweza kuniandikia meseji, lakini namba ile ni ufunguo wa fedha za watu, sikutaka ibaki kwenye simu. Nikamwambia anisomee, naandika kwenye karatasi. Alikuwa gatini, upepo unavuma kwenye simu, boti inanguruma pembeni. Sita na saba nilizisikia kwa shida. Tarakimu 48, nikaziingiza, zikakataliwa. Akasoma tena, zikakataliwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililowahi kulisoma, na nalisimulia kwa furaha kwa sababu ndilo lililoniokoa. Namba ya uokozi ina mafungu nane ya tarakimu sita sita, na kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu. Namba zimetengenezwa hivyo makusudi ili makosa ya kuandika yagundulike. Nikachukua kikokotoo, fungu moja moja. La kwanza likagawanyika. La pili vilevile. La tatu nilikuwa nimeandika 416362. Gawanya kwa 11, napata 37851 na vipande. Nikampigia tena: "Fungu la tatu peke yake, polepole." Nne, moja, saba, tatu, sita, mbili. 417362 gawanya kwa 11, napata 37942 kamili. Ukikosea tarakimu moja, au ukigeuza mbili zilizokaribiana, hesabu lazima ikatae. Nikamaliza mafungu yote nane, yakapita. Nikaingiza. Windows ikafunguka! Mdogo wangu alinisikia nikipiga kelele akadhani nimepata ajali. (Namba hiyo haifungui chochote leo, nimeshaibadilisha.)

Jambo la kwanza nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje. La kwanza kabisa, kabla ya maji ya kunywa.

Ila kila nikiwasha, kioo kile cha bluu kinarudi kudai tarakimu 48. Kwa nini, wakati diski imeshafunguka? Nikaandika tpm.msc, jina la dirisha la kukagua chipu hiyo, kwenye sehemu ya kutafutia. Jibu: hakuna TPM inayofaa kwenye kompyuta hii. Chipu haionekani kabisa! Hata kwenye BIOS mstari wake ulikuwa umetoweka. Nikafuta draiva (programu inayoiunganisha chipu na Windows), nikawasha upya, nikazima, nikalala, nikawasha asubuhi. Siku mbili zikapita hivyo na hazikuleta kitu. Nilichokuwa sikioni ni kwamba kuzima mashine hakuikatii chipu umeme. Betri ikiwa ndani, kuna umeme kidogo unaobaki kwenye bodi, na chipu iliyokwama inaendelea kukwama.

Nikachomoa chaja, nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa waya wa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Nikaiacha mezani robo saa hivi. Nikarudisha betri, nikaingia BIOS, na mstari wa chipu ukawepo. Bodi iliyohukumiwa kufa, laki mbili na nusu, ilikuwa nzima wakati wote.

Safari hii nikafuata utaratibu. Nikazima ufungaji wa diski kwenye mipangilio ya Windows, nikaacha mashine kwenye chaja mpaka diski ikafunguka yote, zaidi ya saa moja. Wengi hawana subira na hatua hii, ila fundi akitaka kugusa chipu yako au BIOS, mkatalie mpaka ufungaji uzimwe au usimamishwe. Kisha Windows Security, usalama wa kifaa, kichakataji cha usalama, utatuzi, safisha TPM. Ikawaka tena, ikaniuliza kabla ya Windows kama kweli nataka kusafisha, nikabonyeza kitufe nilichoelekezwa. Swali hilo ni zuri, linahakikisha kuwa mtu yuko mbele ya mashine na siyo programu inayojiamulia.

Kwenye PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika Get-Tpm. TpmPresent (chipu ipo), ndiyo. TpmReady (chipu iko tayari), ndiyo. Nikatengeneza PIN mpya. Excel niliitoa kwenye akaunti nikaingia upya, kosa la 80090016 halikurudi. Mwisho nikaifunga diski tena kwa akaunti yangu mwenyewe, na namba mpya ya uokozi nimeiandika kwa kalamu mara mbili: karatasi moja imo kwenye sanduku la hati za nyumba, nyingine ameichukua mdogo wangu alipovuka kuja Mwanza Jumamosi.