Kumhamishia ndugu nyumba yenye rehani wakati wa kubadilisha mkopo

Nyumba iliyowekwa rehani haihamishwi kwa makubaliano ya kifamilia peke yake. Benki ina haki juu yake, kwa hiyo ridhaa yake ya maandishi hutangulia. Mkopo ukihamia benki nyingine, hiyo mpya ndiyo itakayompima anayeingia kwenye hati: kipato chake, madeni yake, uwezo wake wa kulipa.

Mpangilio ndio unaowatatiza wengi. Wakili huomba benki ya zamani barua ya salio la kumaliza deni, inayoonyesha pia riba ya kila siku. Siku ya kukamilisha, benki mpya hutoa fedha, deni la zamani hulipwa, rehani yake hufutwa, kisha husajiliwa uhamisho na rehani mpya. Malipo yakichelewa siku mbili na riba ya siku hizo ikasahauliwa, rehani ya zamani haifutwi, na usajili wote hukwama.

Tena, neno "zawadi" si kinga ya kodi. Deni likiwa 60,000 na ndugu akabeba nusu, zile 30,000 zaweza kuhesabiwa kuwa bei aliyolipa. Ulizeni kabla ya kusaini.

Anayetoka kwenye hati atolewe na kwenye mkopo pia, la sivyo ataendelea kudaiwa kwa nyumba isiyo yake. Na mzazi mzee anayetoa nyumba apate wakili wake mwenyewe, wala si wa mwanawe: uhamisho uliofanywa kwa shinikizo unaweza kubatilishwa mahakamani.