Wing Chun na vichochoro vya Mji Mkongwe

Wanaojiunga nasi kwenye mazoezi ya jioni hapa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi hutarajia mateke ya sinema, nao huvunjika moyo kidogo wanapoambiwa kwamba teke la Wing Chun kwa kawaida halipandi juu ya kiuno, bali hulenga ugoko au goti. Mtindo huu wa kusini mwa China, ambao Ip Man aliufundisha Hong Kong hadi karibu na kifo chake mwaka 1972, na ambao Bruce Lee aliujifunza kwake, ni wa mapigano ya karibu, na kwa maoni yangu unafaa mno katika kichochoro ambacho mkono haupati nafasi ya kuzungushwa.

Msingi wake ni mstari wa kati, unaoteremka kutoka usoni kupitia kooni na kifuani hadi kinenani, kwa kuwa hapo ndipo palipo na sehemu zinazoumia upesi. Viwiko hukaa karibu na mbavu, ngumi hutoka kifuani ikiwa imenyooka, na mkono mmoja unapopangua pigo, mwingine huwa umeshafika kwa mshambuliaji.

Zoezi ninalolipenda ni chi sao, ambapo wawili hugusanisha mikono na kuisikiliza: mwenzako akisukuma, unampisha, akilegea, unaingia.

Dhidi ya mwenye panga, hata hivyo, maalim wetu hatufundishi ila kukimbilia sokoni Darajani, kwenye watu.