Ukuta wa tezi uliooza ndani ya faiba

Boti kuukuu ya faiba huweza kung'aa kwa nje ilhali ukuta wake wa tezi, yaani wa nyuma, ule unaobeba injini, umekwisha kuoza ndani. Maboti ya mbao yanayopangwa ufukweni Kibirizi hayana siri ya namna hiyo: ubao ukiharibika hubadilika rangi, kalafati inayoziba nyufa za mbao hutoka, misumari hulegea, na fundi hujua pa kuanzia. Katika boti ya faiba, ukuta huo ni plaiwudi iliyofungiwa katikati ya matabaka mawili ya faiba, na maji yakishapenya humo hayana njia ya kutokea.

Hapa Kigoma husemwa mara nyingi kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hayadhuru boti kwa kuwa si ya chumvi. Kuhusu chuma maneno hayo yana ukweli, kwani kutu huenda polepole kuliko baharini. Kuhusu mbao mambo ni kinyume: chumvi huwadhoofisha fangasi wanaoozesha mbao, bali maji yasiyo na chumvi huwalea, na mabaya kuliko yote ni maji ya mvua yanayotuama ndani ya boti iliyoachwa masika yote bila turubai.

Boti ya familia yetu ilitoa dalili injini ilipoinuliwa: ukuta ulicheza, na nyufa nyembamba zikaonekana kuzunguka bolti. Nilipougonga kwa mpini wa bisibisi, sehemu ya juu ilitoa mlio mkali, lakini karibu na kizibo cha kutolea maji mlio ukawa mzito na wa kufifia. Tundu dogo la keekee lilimaliza ubishi, maana unga uliotoka ulikuwa mweusi na umelowa.

Wapo wanaoshauri kutoboa matundu na kumimina ndani resini, ile gundi ya maji inayoganda. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu resini haishiki mbao iliyolowa. Tulishusha injini, tukakata tabaka la ndani kwa grainda na kuliacha la nje zima ili lishike umbo la boti. Plaiwudi ya chini tuliichota kwa mikono kama makapi ya chikichi yaliyokwisha kukamuliwa mawese. Ya pembeni, iliyokuwa bado ngumu, ilihitaji patasi na subira. Baada ya hapo kulikuwa na msasa na jua la kiangazi mpaka faiba ikauke kabisa. Vumbi lake huchoma koo na ngozi, hivyo barakoa, miwani na mikono mirefu ni vya lazima.

Fundi seremala aliyenisaidia alitaka tuweke ubao mzima wa mninga. Mninga kweli hauozi upesi, lakini ubao mzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu unavyobadilika, na hatimaye huachana na faiba. Plaiwudi, ambayo nyuzi za matabaka yake zimepishana, hutulia. Tuligundisha vipande viwili vya plaiwudi ya majini vya milimita 18 kila kimoja, ili kukaribia unene wa zamani.

Kwa gundi nilichagua epoksi, ingawa bei yake huumiza kuliko ya poliesta, kwa kuwa hushika mbao na faiba kuukuu kwa nguvu zaidi. Kipimo cha kigumishi, dawa inayochanganywa nayo ili igande, hakikisiwi kwa macho, na mchanganyiko humwagwa kwenye sinia pana, kwani ukikaa ndani ya kopo refu hupata moto na kuganda kabla ya kutumika. Mbao zilipakwa kwanza epoksi nyepesi mpaka kingo zikashiba, kisha ikafuata iliyokorezwa kwa unga wa silika. Jiliwa zilikazwa kiasi tu cha kuifanya ichuruzike pande zote, kwa sababu ukikaza kupita hapo unaikamua gundi yote. Pembe zilijazwa kwa mviringo, kitambaa cha faiba kisije kikakunjwa kwenye kona kali na kuacha hewa chini yake.

Kazi niliyoisimamia kwa ukaribu zaidi ilikuwa ya matundu ya bolti, maana huko ndiko maji yalikoingilia. Kila tundu lilitobolewa kubwa kuliko bolti, likajazwa epoksi nzito, na ilipokauka likatobolewa upya kwa kipimo sahihi, ili bolti ipite ndani ya epoksi bila kugusa mbao. Kizibo cha kutolea maji kilifanyiwa vivyo hivyo, na bolti zote zikarudishwa na dawa ya kuzibia inayostahimili kukaa majini, si silikoni ya madirisha.