Kumbukumbu ya mradi: mkono wa Kiazi umekubali kupinda

Hatimaye! Kiazi, mhusika wa katuni yangu, anatoka Uyole kwenda Mwanjelwa hapa Mbeya mikono ikipepea kama katuni za miaka ya 1930: haina kiwiko, inapinda kama mpira wa kumwagilia bustani. Mwendo ni fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa hatua mbili, michoro 12, kila mmoja ukikaa fremu mbili. Kwa penseli mkono huu ni kazi ya jioni moja. Kwa kikaragosi ndani ya Synfig, programu ya kutengeneza katuni kwa kompyuta, umekula wiki tatu.

Kiini cha ugomvi: mkono ni mstari mmoja wenye nukta begani na nukta kiganjani, kila moja na mpini wake wa kupindisha. Ukienda mbele unapinda hivi, ukirudi unapinda vile. Programu ikiachiwa kujaza katikati, mipini yote miwili inapita sifuri kwa pamoja. Fremu ya 7 mkono unageuka fimbo. Tena fimbo fupi, maana upinde umenyooka na kiganja hakijasogea. Mifupa ya programu, vipande vilivyonyooka vya kuongozea umbo, nayo haisaidii: minne inakupa viwiko vitatu.

Penseli hailijui tatizo hili kwa sababu mpindo unaanzia begani na kusafiri kama wimbi kwenye kamba, kiganja kikichelewa. Basi mpini wa bega ugeuke fremu ya 5, wa kiganja fremu ya 9. Hapo katikati umbo la S linajitokeza lenyewe. Urefu naupima kwa uzi juu ya skrini, sentimita 11. Zikipungua milimita tatu nasamehe, zaidi ya hapo kiganja kinashushwa.

Bado ulikuwa unaelea, ulaini ule wa matangazo ya simu. Leya ya Stroboscope, inayogandisha picha kati ya fremu na fremu, masafa 12 kwa sekunde, imeukata. Ila angalieni: ikimfunika Kiazi peke yake huku barabara inasogea fremu 24 kwa sekunde, nyayo zinatetemeka juu ya lami. Mandhari nayo iingie chini ya leya hiyo.

Kilichobaki ni mstari wa mchoro. Wa kikaragosi umenyooka mno, umekufa. Kuchezesha midomo ya Kiazi kulikuwa kufuate wiki hii. Kumewekwa kando, kwa sababu fremu 12 sasa zinachapwa kwenye A4 na kupitishwa wino kwa brashi juu ya kioo chenye taa. Usitoboe kabla ya kuchapa, printa husogeza karatasi. Chapa alama za msalaba pembeni, zilinganishe kwenye kioo, ndipo utoboe kwa panchi ya kawaida (matundu milimita 6, umbali milimita 80) na uvike kwenye vijiti vya kushikilia karatasi.

Na mvua hizi za Mbeya! Karatasi ya gramu 80 inanyonya unyevu, tundu linalegea, mchoro unacheza. Ukanda wa manila uliogundishwa ukingoni kabla ya kutoboa unashika vizuri. Tano zimepigwa wino. Ya sita ina doa, inarudiwa.