Rubondo si ya Wazungu peke yao: tulivyokwenda na hema la kuazima na ndoo ya rangi

Kila niliyemwambia nakwenda kupiga kambi Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, alikuwa na ushauri, na karibu wote hawajawahi kufika. Mmoja alinihakikishia kwamba kule wanakwenda Wazungu wanaoshuka na ndege, mtu wa kawaida hata boti hapewi. Mwingine akasema nitatupa hela, maana hakuna simba. Wa tatu akasisitiza tuvae nguo za rangi ya giza ili wanyama wasituone. Mimi nina tabia ya kuitikia na kuendelea na yangu. Shemeji, kaka yake mke wangu, yeye aliitikia na akatii.

Kutoka Mwanza siku hizi hakuna tena kusota kwenye foleni ya feri pale Busisi, daraja limeshafunguliwa. Unapita Geita, Chato, Muganza, halafu unashuka Kasenda kwenye boti. Ipo pia njia ya Nkome, ila huko safari ya majini ni ndefu zaidi. Kinachokula hela ni boti, wala si kiingilio. Kiingilio cha Mtanzania ni hela ambayo watu wanaimaliza kwenye nyama choma Ijumaa moja na hawakumbuki. Dawa ya boti ni kujaza watu: tukajiunga na vijana fulani waliokuwa na safari kama yetu, tukagawana, kila mmoja akapumua. Malipo ni kwa namba ya malipo, noti hazipokelewi, kwa hiyo lipia kabla hujavuka, mtandao ukiwa bado unakusikiliza. Na uvuke asubuhi. Asubuhi ziwa limelala. Ikifika alasiri upepo unaamka na mawimbi yanaanza kukuuliza maswali.

Sasa ndoo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini hawana mchezo nayo. Watu wanahangaika na maboksi yanayolowa kwenye boti. Mimi nilichukua ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko wa kubana, nikaiosha mpaka harufu ikaisha, nikapanga unga, mchele, dagaa, vitunguu na chumvi. Mke wangu alinicheka kuanzia nyumbani hadi Geita. Tulipofika kambini tumbili walishuka kutukagua. Mmoja, dume lenye kovu puani, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Akaipanda. Akavuta mfuniko upande huu, akavuta upande ule, akaung'ata ukingoni, akainama akanusa, kisha akaipiga kofi. Ndoo kimya. Akakaa juu yake akitutazama sisi, anangoja tufungue wenyewe! Wakati huohuo wenzake wameshaingia kwenye hema la wale vijana na kutoka na mkate mzima, na kijana mmoja anawafukuza ameshika mwiko. Jioni vijana wakaja kuuliza ndoo kama ile inauzwa wapi. Mke wangu hajaicheka tena.

Kuni usitegemee, kuokota hifadhini hairuhusiwi. Mtungi mdogo wa gesi unatosha.

Mahali pa kupiga hema palikuwa na ubishi. Ufukweni palikuwa na nyasi fupi, safi, pamenyooka, unaona ziwa lote, na wale vijana walishaanza kupigilia vigingi pale. Askari wa hifadhi akawauliza kama wanamjua aliyekata hizo nyasi. Akatupeleka hatua chache, akatuonyesha njia inayotoka majini: mifereji miwili sambamba kama reli, katikati pamebaki tuta la nyasi. Ni njia ya kiboko. Miguu yake ya kulia hupita huku na ya kushoto kule, tumbo liko juu ya tuta, na usiku hutoka kulisha kwa njia ileile. Tukahamia juu, karibu na miti. Usiku tulimsikia kweli, anakata nyasi kwa kung'oa, krap, krap, anapumua kwa nguvu, na hakuna aliyetoka kukojoa mpaka kukapambazuka.

Shemeji alivaa trakisuti ya bluu iliyokoza. Tulipoanza kutembea msituni askari alimtazama juu hadi chini akamwambia, "Kaka, umevaa mtego." Mbung'o wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya kuwanasa hutengenezwa kwa rangi hizohizo. Mimi na kaki yangu ya zamani niliumwa mara moja moja. Shemeji aliandamwa. Walipita pembeni yangu wakimfuata yeye, na kila akipiga mgongo anawatukana watu wawili: mbung'o, na yule mshauri wetu. Usiku mke wangu alimpaka mafuta ya mgando mgongo mzima huku akimwambia, "Pole kaka," kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya nzohe. Huyu ni swala wa matopeni, anaishi kwenye mafunjo na matete. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, asizame. Askari alituonyesha alama yake kwenye tope bichi, ncha mbili ndefu zilizoachana, nikaweka kiganja juu nikaona inanijaa. Akishtuka huingia majini akabakiza pua tu. Kwingine kumwona ni shida, ila Rubondo hakuna simba, chui wala fisi, na nzohe wa pale wamepata ujasiri wa kutoka bwawani na kutembea hata msituni. Yule aliyenihurumia kwa sababu hakuna simba hakujua kwamba huko kukosekana kwa simba ndiko nilikokuwa nakufuata.

Sharti la askari lilikuwa kunyamaza. Shemeji anauza mitumba mnadani, mdomo ndio mtaji wake, hajawahi kunyamaza tangu nioe kwao. Nikaweka dau: kati yetu wawili, atakayesema wa kwanza ataosha masufuria mpaka tunaondoka. Akakubali kwa kiapo.

Tukakaa kando ya bwawa kabla jua halijatoka, upepo ukitupiga usoni ili harufu yetu isiende mbele. Furukombe wakaanza kuitana ziwani. Shemeji akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akatoa leso akaing'ata. Jua lilipoanza kuchoma, mbung'o akatua shingoni mwake. Nilimwona anamwona. Akamwacha anywe damu mpaka ashibe, machozi yanamlengalenga, mkono umeganda hewani. Halafu ghafla akanifinya paja kwa nguvu zote.

Alikuwa jike, mwekundu wa kahawia, mistari myeupe ubavuni, anavuta majani ya matete na kutafuna tunamsikia. Nyuma yake maji yakasogea, akasimama dume, mweusi zaidi, maji tumboni, pembe zimejisokota kwenda juu.

"Pembe!" nikasema.

Neno moja tu. Dume akainua kichwa, akatutazama, kisha akarudi kwenye mafunjo taratibu, wala hakukimbia. Shemeji alingoja askari amwashirie kwa kichwa, akatoa leso mdomoni, na hakunyamaza tena hadi usiku. Masufuria niliyasugua kwa majivu ya mkaa niliokuja nao, kwa maji ya kuchota, tena yale ya ugali ulioshika chini. Ziwani penyewe usiingie: kuna mamba, na kichocho hakichagui.

Sokwe tuliwasikia tu. Waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wengi wao wametolewa kwenye bustani za wanyama, wakafunguliwa kisiwani bila kufundishwa maisha ya porini, na waliopo leo ni kizazi chao. Kisiwa ni kama kilomita za mraba 240 na karibu chote ni msitu, kwa hiyo wana pa kujificha. Tulionyeshwa viota vyao juu ya miti. Kila jioni hujenga kipya. Ukiambiwa bila sokwe safari imeharibika, usikubali. Kaa ufukweni jioni uangalie fisi maji, ambao si fisi bali wanyama wa majini, wakila samaki, kichwa kinatoka, kinatafuna, kinazama. Bei yake ni ileile uliyokwisha kulipa.

Hema la kuazima lifungueni kwanza uani nyumbani. Letu lilikuja na vigingi pungufu, tukamalizia na vijiko.