Kiingereza changu na theluji ya Wajapani

Jumapili, saa nne usiku. Mombasa joto halipumui, nami nimeuegemeza mguu ukutani, rula chini, napima unyayo. Sentimita 25 na nusu. Japani viatu vya skii, vile vya kutelezea kwenye theluji, hukodishwa kwa sentimita, si kwa zile namba za sokoni Kongowea. Nimeandika daftarini, nikapiga mstari mara mbili.

Niseme ukweli, safari hii ya kwenda kuteleza Japani niliianza na kiburi. Miaka kumi na moja nafundisha Kiingereza, nikadhani hiyo ni pasipoti ya pili. Wifi yangu, ambaye tutakwenda pamoja, alisoma Australia na hataki kusikia pengine ila Niseko, mji wa skii kule kisiwa cha Hokkaido, kaskazini. "Waaustralia wamejaa tele, hutahangaika na lugha." Na si uongo. Menyu ziko kwa Kiingereza, walimu wa skii wako wa Kiingereza, na mbele yako umesimama mlima Yotei, mita 1,898. Theluji yake inasifiwa dunia nzima. Upepo wa baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani ukijaza unyevu, ukigonga milima unaumwaga wote, laini kama unga wa ngano.

Sasa mimi nipande ndege mbili tatu, nifike Japani, nikaagize supu kwa Kiingereza kilekile cha darasani?

Nikaanza kumvuta wifi upande wa Nozawa Onsen, mkoa wa Nagano. Treni ya kasi kutoka Tokyo hadi stesheni ya Iiyama haimalizi saa mbili, kisha safari fupi ya basi. Ni kijiji hasa, wenyeji wamo, na mabafu ya umma 13 ya maji ya chemchemi ya moto yanayotunzwa na wanakijiji wenyewe. Hulipishwi kiingilio, unatia sarafu sandukuni. Hata Nagano si jina geni kwetu. Mwaka 1998 Philip Boit alikwenda kutuwakilisha kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Mkenya wa kwanza, akamaliza wa mwisho kwenye mbio za skii za kilomita 10. Bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja pale mwishoni amkumbatie. Boit aliporudi akamzaa mwana, akampa jina la Daehlie. Mimi nikifika wa mwisho kwenye kilima cha watoto, sitakuwa wa kwanza kwa hilo.

Ombi la viza linataka ratiba ya kila siku: tarehe, unafanya nini, unalala wapi. Jioni tatu zimekwisha hapo. Mizigo mikubwa tutaitanguliza kwa kampuni za usafirishaji, inafika hotelini kabla yetu. Hilo nimelipenda.

Kilichonishangaza ni lugha. Kila usiku nasikiliza masomo ya Kijapani, na mdomo wangu haupati taabu. *Sumimasen*, samahani. *Arigato*, asante. Irabu ni zetu zilezile tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mzungu anayefundisha kwenye video anayavuta maneno kama mpira; mimi nayasoma tu kama nasoma gazeti. Kiingereza nilichokuwa nakitegemea hakinisaidii kitu hapo, Kiswahili ndicho kinachonibeba. Ila maana zinachekesha. *Saba* ni samaki. *Kasa* ni mwavuli. Na dubu... dubu kwa Kijapani anaitwa neno ambalo mtu wa Pwani halitamki mbele ya wakwe. Wala silitii hapa.

Shida ni kwamba moja ya yale mabafu 13 limepewa jina kwa dubu huyohuyo, eti ndipo aliponawia mikono. Nilipomsomea wifi jina lake kamili kwenye simu, alicheka mpaka akakata. Baadaye akatuma ujumbe: twende Nozawa.

Leo mchana Mama kapiga kutoka Kilifi.

"Mwanangu, na baridi hiyo, mtaoga wapi?"

Nikamweleza: mabafu ya kijiji, wanawake mbali, wanaume mbali, maji ya moto kweli.

"Na nguo?"

"Hakuna nguo, Mama. Unavua zote."

Kimya. Namsikia anavuta pumzi.

"Na wifi yako?"

"Naye."

"Haya. Na hilo bafu laitwaje?"

Nikamwambia mtandao unakatika.