Ubeti wa Kuaga

Februari 2016 WhatsApp iliongeza ukomo wa kikundi kutoka watu 100 hadi 256. Sisi washairi tulishangilia. Kikundi chetu kilikuwa kimejaa, na kwa miezi mingi aliyetaka kuingia alisubiri mwingine atoke.

Kwetu mgeni alibisha hodi kwa ubeti. "Hodi hodi ukumbini, mgeni nawajilia," na wenyeji humkaribisha kwa vina vilevile. Akikosea mizani, hakuumbuliwa. Mzee wetu mmoja wa Tanga alimfuata inbox na ujumbe wa sauti, akigonga meza kila silabi: nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, nane za utao, nusu ya pili. Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Nilikuwa nimeandika "Mapenzi yako mpenzi wangu" nikidhani nimepatia.

"Hizo kumi, mwanangu. Sema, Penzi lako ewe wangu."

Nilikuwa mmoja wa maadmini watatu. Kwa wiki mbili tuliingiza watu zaidi ya mia, na wengi wao niliwaingiza mimi. Walipenda ushairi kwelikweli, hilo nalishikilia mpaka leo. Ila mzee yule aliweza kukaa na wageni wawili, watatu kwa mwezi. Mia angewagongea meza saa ngapi? Basi mgeni akajifunza kwa mgeni mwenziwe, aliyeingia juzi. Hodi ikawa "mambo wadau". Yakaja matokeo ya mpira, zikaja dua za kusambaza kwa watu kumi, na mashairi guni, yasiyofuata vina wala mizani, yakipigiwa makofi.

Usiku mmoja mwezi Mei kijana alileta shairi lenye vina vilivyopotea kuanzia ubeti wa pili. Mzee alimsahihisha hapohapo ukumbini, kwa upole, pengine kwa sababu inbox zilikuwa zimemshinda. Akajibiwa, "Mzee usitubane, hapa tunaburudika tu." Vicheko vikafuatana skrini nzima. Mimi nilikuwa macho, nasoma. Sikuandika neno. Nilijiambia watazoeana.

Asubuhi nilikuta ujumbe zaidi ya mia tatu. Katikati ya ubishi wa penalti nikaona mshororo huu: "Nilobisha hodi jana, leo naomba ruhusa." Beti tatu, hakuna silabi iliyozidi. Aliaga kama alivyoingia, na hakuna hata mmoja aliyempa ruhusa. Chini kabisa paliandikwa kwamba ametoka.

Niliketi kitandani nikatunga jibu kwa vina vyake, mikono ikitetemeka. Nikalituma kwake peke yake, na chini yake nikaandika, "Shikamoo mzee. Nisamehe, jana nilikuwepo."

Jioni akanipigia ujumbe wa sauti. Kwanza nilisikia meza tu, ikigongwa polepole.

"Marahaba mwanangu. Mshororo wako wa tatu una tisa."

Nikaurudia.